Upasuaji wa endometriosisi ng'ambo: jibu kwa msomaji wa Lamu

Swali: Assalaam alaykum daktari. Nina miaka 31, ninaishi Lamu mtaa wa Langoni, na nimeolewa miaka mitano bila kujaliwa mtoto. Tangu nikiwa shuleni, siku za hedhi hunilaza kitandani, na nyumbani tuliambiwa ni chango la uzazi. Miaka miwili iliyopita nilipasuliwa Mombasa kwa matundu madogo, nikaambiwa ni endometriosisi na kwamba "imechomwa". Maumivu yamerudi, na siku hizo hata kwenda haja kubwa ni mateso. Altrasaundi ya karibuni imeonyesha uvimbe wa sentimita 5 kwenye ovari ya kushoto. Wakala mmoja ametupatia nafasi ya upasuaji India baada ya wiki tatu, anataka malipo ya awali wiki hii, na mume wangu yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Mokowe. Je, niende? Nikienda, nijipange vipi, na nitaweza kurudi nyumbani baada ya siku ngapi?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Nianze na lile linalokukimbiza: usitume malipo ya awali wiki hii. Sisemi usiende India, kwa kuwa huko wapo mabingwa waliobobea katika upasuaji huu na wagonjwa kutoka pwani yetu wamekuwa wakienda kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba tarehe uliyopewa imefuata nafasi ya hospitali na haja ya wakala, haikufuata hali ya mwili wako. Safari ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho wake. Kwanza tunajiuliza utashuka gatini Lamu siku gani, ukiwa katika hali gani, na nani atakuangalia likizuka jambo usiku. Kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka siku ya kukata tiketi. Ukipanga hivyo utaona mwenyewe kwamba wiki tatu hazitoshi.

Kuhusu chango, usiwalaumu wazee. Neno hilo limebeba maradhi mengi ya tumbo la mwanamke, na sina shaka kwamba baadhi ya waliokandwa tumbo na kunyweshwa mizizi walikuwa na ugonjwa huu huu kabla haujapata jina lake la hospitali. Katika endometriosisi, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: kwenye ovari, kwenye kuta za nyonga, nyuma ya mfuko wa uzazi, juu ya utumbo au kibofu. Tishu hizo huitikia homoni za kila mwezi, huvimbisha nyama zilizo karibu, na baada ya muda huacha makovu yanayogandisha viungo ambavyo vilipaswa kuteleza kimoja juu ya kingine. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao ugonjwa huu, yaani takriban watu milioni 190, na wengi hukaa miaka mingi kabla ya kuambiwa wana nini.

Neno "imechomwa" ndilo lililonisimamisha katika barua yako. Daktari wa upasuaji anaweza kuunguza madoa ya ugonjwa juu juu, au anaweza kuyakata na kuyatoa pamoja na mzizi wake. Kwa madoa mepesi yaliyotapakaa juu ya utando wa tumbo, tofauti kati ya njia hizi mbili si kubwa kama inavyodaiwa mitandaoni. Kwa ugonjwa uliozama ndani, hasa nyuma ya mfuko wa uzazi unapokaribiana na utumbo, kuunguza hakufiki chini, na ni hatari kuunguza jirani na ukuta wa utumbo. Maumivu ya haja kubwa yanayokuja na hedhi na kuondoka nayo hunifanya nishuku kwamba ugonjwa wako upo mahali hapo, ingawa dalili pekee haithibitishi. Uvimbe wa ovari nao, ikiwa ni ule wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti, una hesabu yake. Ukinyonywa tu kwa sindano hujaa tena upesi; ukimenywa na ganda lake lote hurudi kwa nadra zaidi, lakini kila ganda linalomenywa huondoka na sehemu ya akiba ya mayai. Kwako wewe ambaye bado unatafuta mtoto, hilo si jambo la kuamuliwa na mtu asiyekufahamu, kupitia ujumbe wa simu.

Kwa hiyo kinachotangulia pasipoti ni ramani ya ugonjwa. Unahitaji picha ya MRI ya nyonga, ambayo inapatikana Mombasa, pamoja na altrasaundi ya ndani iliyofanywa na mtu aliyezoea kutafuta ugonjwa uliozama, kwa sababu altrasaundi ya kawaida huona uvimbe wa ovari na kupita utumbo bila kuusoma. Mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya tiba ya uzazi, ESHRE, uliotolewa mwaka 2022, uliacha kuuhesabu upasuaji kuwa ndiyo njia kuu ya kuutambua ugonjwa huu; picha nzuri sasa zinatosha kwa mengi. Omba faili zenyewe za picha katika diski, kwani ripoti peke yake haitoshi, na picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta haina faida kwa daktari wa upasuaji. Hospitali iliyokupasua mara ya kwanza nayo ikupe maelezo ya upasuaji ule na majibu ya maabara ya nyama, kama ilichukuliwa. Hiyo ni haki yako, na usikubali kuambiwa uje wiki ijayo mara tatu.

Swali lingine, ambalo familia nyingi huliruka, ni upasuaji huu unatafuta nini. Kuna kutafuta nafuu ya maumivu na kuna kutafuta mtoto, na mambo haya mawili hayaendi pamoja kila mara. Kama mtoto ndiye shabaha ya kwanza, mume wako apimwe mbegu zake kabla ya kiwanja kuuzwa, nawe upimwe damu ya homoni ya AMH inayoonyesha akiba ya mayai. Wapo wanawake ambao tunawashauri waende moja kwa moja kwenye matibabu ya kupandikiza mimba bila kuugusa uvimbe wa ovari, kwa kuwa kuutoa hakuongezi sana uwezekano wa mimba na huenda kukapunguza mayai. Kama maumivu ndiyo yaliyokushinda, basi upasuaji una nafasi yake, na dawa za homoni nazo zina nafasi. Barua yako haisemi kama uliwahi kuzitumia kwa miezi ya kutosha. Dawa hizo huzuia mimba kwa muda unaozitumia, na baadhi huleta matone ya damu yasiyo na mpango katika miezi ya mwanzo. Wagonjwa wangu wengi wa Lamu na Malindi huniuliza kuhusu hukumu ya matone hayo katika swala na saumu, nami huwaambia wamuulize sheikh mapema, mambo ya fiqhi si fani yangu, ili mtu asiiache dawa kimyakimya mwezi wa Ramadhani.

Sasa, je, lazima kuvuka mpaka? Ramani ikionyesha uvimbe wa ovari na madoa mepesi, sioni sababu ya kuuza kiwanja. Kazi hiyo hufanyika Mombasa na Nairobi. Ikionyesha ugonjwa uliokula utumbo au uliozunguka mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, unahitaji timu: daktari wa wanawake, daktari wa upasuaji wa utumbo na daktari wa njia ya mkojo, wote wakiwa tayari siku hiyo hiyo. Timu ya namna hiyo itafute Nairobi kwanza. Popote utakapoipata, iulize maswali yale yale. Ni wagonjwa wangapi wenye ugonjwa uliozama umewapasua mwaka uliopita? Unakata au unaunguza? Je, wewe mwenyewe ndiye utakayenipasua, au jina lako lipo kwenye tangazo tu? Daktari anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu. Zungumza naye ana kwa ana kwa simu ya video kabla ya kulipa chochote, na zungumza naye yeye, si mratibu wa wagonjwa wa kigeni. Usiitegemee bima ya umma bila kuuliza: SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hutazama matibabu ya ng'ambo kwa huduma zisizopatikana nchini na kwa idhini inayotolewa kabla ya safari.

Tuseme mmeamua India. Pima wingi wa damu mara moja. Mwanamke anayetokwa na hedhi nzito kwa miaka mara nyingi huwa na upungufu wa damu, na vidonge vya madini ya chuma huhitaji wiki kadhaa kuujaza. Kulala chini ya nusukaputi ukiwa na damu pungufu ni kujitakia kuongezewa damu ugenini. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, ongea na daktari wako kuhusu kuvisimamisha wiki nne kabla ya upasuaji mkubwa, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda. Usiviache kwa uamuzi wako, maana maumivu yanaweza kukurukia kabla ya safari.

Viza iwe ya matibabu, isiwe ya utalii. Huombwa kwa barua ya hospitali itakayokupokea, na viza ya matibabu ya mtandaoni kwa kawaida hukupa siku 60 na ruhusa ya kuingia mara tatu. Watu wawili wanaweza kukusindikiza kwa viza ya wauguzaji inayofungamana na yako. Chagua msindikizaji kwa kazi, si kwa heshima ya ukoo: awe mtu anayeweza kukaa usiku kucha kitini, anayesema Kiingereza au Kihindi cha kutosha kumwita muuguzi, na asiyeona haya kukusaidia chooni. Mume anafaa kwa kutia saini na kwa moyo wako. Dada au shangazi mara nyingi hufaa zaidi kwa yaliyobaki. Chanjo ya homa ya manjano nayo si ya kupuuzwa. India huwataka wasafiri wanaotoka Kenya wawe na cheti chake, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano; anayefika bila cheti anaweza kuzuiwa karantini hadi siku 6, na hapo nafasi yako ya upasuaji imepotea. Ofisi ya afya ya bandari ya Mombasa huitoa. Nayo dawa ya maumivu unayobeba ina masharti yake: kama tiketi yako inapita Dubai na unatumia tramadoli au kodeini, fahamu kwamba Falme za Kiarabu zina sheria kali juu ya dawa hizo, pita njia nyingine au uwe na barua ya daktari na kibali. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Mumbai huchukua takriban muda wa saa sita angani, na kwa mgonjwa wa nyonga kila kiunganishi kilichoepukwa ni faida.

Juu ya wakala, simtuhumu mtu nisiyemjua. Fahamu tu kwamba mawakala wengi hulipwa na hospitali kwa kila mgonjwa wanayempeleka, hivyo kimya chake kuhusu Nairobi kina maelezo. Dai makadirio ya gharama yaliyoandikwa na hospitali yenyewe, yakitenganisha chumba cha upasuaji, siku za kitanda, madaktari wa ziada, vifaa vya kuungia utumbo, maabara ya nyama, na bei ya kila siku ya chumba cha wagonjwa mahututi. Uliza itakuwaje wakifungua na kukuta ugonjwa mkubwa au mdogo kuliko ilivyotarajiwa, na malipo ya awali hurudishwa kwa masharti gani. Ukichangiwa na jamaa, tenga sehemu ya mchango isiguswe mpaka umerudi. Pesa zinazosumbua watu ni zile za wiki ya tatu, ambazo hakuna aliyezihesabu.

Fomu ya idhini isome kabla ya kusafiri, kwa utulivu, pamoja na mumeo. Andika kwa maneno yako kile unachokubali na usichokubali ukiwa usingizini: je, ovari ya kushoto iondolewe ikionekana imeharibika? Je, mfuko wa uzazi? Nakwambia wazi kwamba kutoa mfuko wa uzazi si dawa ya ugonjwa unaoota nje ya mfuko huo, na kwa mwanamke wa hali yako nisingekubali uamuzi huo ufanywe juu ya meza. Uliza pia kuhusu njia ya muda ya haja kubwa tumboni. Utumbo ukikatwa chini sana na kuungwa, wakati mwingine daktari hutoa kipande cha utumbo juu ya ngozi ya tumbo ili mahali palipoungwa papate kupona, na kukirudisha kipande hicho ndani kunahitaji upasuaji wa pili baada ya wiki au miezi. Siku 60 za viza huenda zisitoshe, na huo ni msafara wa pili wenye tiketi zake na viza yake.

Nilimpokea mama mmoja aliyekuwa amepasuliwa ng'ambo, amerudi na karatasi moja tu iliyosema upasuaji umekwenda vizuri. Miezi minane baadaye alikuja na homa na maumivu ya kiuno, na picha ikaonyesha mrija wa plastiki uliowekwa kulinda njia ya mkojo, ambao ulipaswa kutolewa baada ya wiki chache. Hakuna aliyemwambia umo ndani. Tangu siku hiyo simsafirishi mgonjwa bila ahadi ya maandishi kwamba atapewa maelezo kamili ya upasuaji, picha au video yake, majibu ya maabara ya nyama hata kama yatatumwa baadaye, orodha ya kila kitu kilichoachwa mwilini na tarehe ya kukitoa, pamoja na majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara ya huko, ambayo mfamasia wa hapa hatayatambua.

Umeniuliza siku ngapi. Baada ya upasuaji mdogo wa matundu, kuruka baada ya siku chache huruhusiwa. Ukikatwa utumbo na kuungwa, mimi sikubali mgonjwa apande ndege kabla ya wiki mbili kupita, na tatu ni bora, kwa sababu kiungo cha utumbo kikivuja mara nyingi huvuja katika siku kumi za mwanzo, na mahali pa kuvujiwa ni karibu na aliyekupasua. Kwa hiyo kodi chumba jirani na hospitali, na tiketi ya kurudi iwe ya kubadilishika. Omba barua ya ruhusa ya kusafiri, uliza kama utahitaji sindano za kuzuia damu kuganda, vaa soksi za kubana, na tembea ndani ya ndege kila baada ya muda. Kuna kundi moja lenye tahadhari ya pekee: wale ambao ugonjwa umefika kifuani. Wakenya wengi waliusikia kwa marehemu Njambi Koikai, mtangazaji aliyefariki Juni 2024, ambaye mapafu yake yalikuwa yakinywea mara kwa mara na ambaye alitibiwa Atlanta, Marekani. Ikiwa umewahi kubanwa na pumzi au kuchomwa kifuani au begani siku za hedhi, mwambie daktari kabla ya kupanda ndege yoyote, kwani hewa iliyonaswa kifuani hutanuka angani.

Ukifika Nairobi usikimbilie uwanja wa ndege wa Manda siku hiyo hiyo. Ningependa ukae wiki moja Mombasa au Malindi kwa jamaa, uonwe na daktari wa huku uliyezungumza naye kabla ya kuondoka, ndipo uvuke. Mkondo kati ya Manda na kisiwa chetu cha Amu, yaani Lamu, ni mtulivu kuliko bahari kuu hata kusi likivuma, lakini taabu haiko majini tu. Iko kwenye kuruka kutoka ngazi ya gati hadi botini, kushikwa mkono na kuvutwa, na kubebeshwa begi. Mtu mwingine abebe, boti isubiri maji yajae, nawe ushuke polepole. Mjini hakuna gari la kukufikisha mlangoni, na punda usimpande kwa wiki sita. Chumba chako kiwe cha chini, kwa sababu ngazi za nyumba zetu za mawe ni ndefu na zina kona. Usinyanyue ndoo ya maji wala mtoto wa jirani.

Homa ya kufikia digrii 38, tumbo linalojaa na kuwa gumu, maumivu yanayozidi baada ya kuwa yamepungua, kinyesi au mkojo unaotoka ukeni, mguu mmoja unaovimba, au pumzi kukatika: lolote kati ya hayo likitokea, usingoje asubuhi wala usipewe dawa ya kupaka. Nenda Hospitali ya King Fahd ukiwa na faili lako mkononi, ili watakaokupokea wajue nini kilikatwa na wampigie daktari wa Mombasa wakati boti inaandaliwa, endapo itahitajika.

Wiki hii, badala ya kutuma pesa, chukua maelezo ya upasuaji wako wa kwanza, pima wingi wa damu na AMH, na upange tarehe ya MRI Mombasa nje ya siku za hedhi kali. Mwambie wakala kwamba utamjibu picha zikishasomwa. Kama nafasi yake haiwezi kungoja mwezi mmoja, iache. Ripoti ikitoka, niandikie tena, na uniambie hasa imesema nini kuhusu utumbo na kuhusu mirija ya mkojo, kwani majibu ya sehemu hizo mbili ndiyo yatakayoamua kama kiwanja cha Mokowe kinauzwa au kinabaki.